Patrick Putnam, mzungu aliyefungua nyumba ya wageni katikati ya pori la Epulu

Mbele Epulu ijulikane dunia nzima juu ya okapi, ilijulikana juu ya nyumba moja ya udongo na majani kando ya mto, mahali wageni kutoka Ulaya na Marekani walikuwa wanalipa feza ili walale porini. Mwenye nyumba alikuwa Mmarekani, Patrick Putnam. Alifika Kongo mwaka 1927 na akafia Epulu mwezi wa Desemba 1953. Leo, wakati watu wengi hapa Ituri wanasema utalii utarudi siku moja amani ikirudi, ni vizuri kujua namna ile kazi ya kwanza ilianza na sababu gani ilikufa.

Mtoto wa tajiri asiyependa ofisi

Patrick Tracy Lowell Putnam alizaliwa mwaka 1904 huko Marekani. Baba yake alikuwa munganga wa upasuaji mjini New York. Majina yale mawili, Lowell na Putnam, ni ya koo kubwa za mji wa Boston na mazingira yake, koo za watu wenye mali na masomo, ambao jina tu lilitosha kufungua milango mingi. Patrick alisoma kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, kimoja kati ya vyuo vikubwa kule kwao. Njia yake ilikuwa imechorwa tayari: kazi nzuri, bibi wa ukoo mzuri, nyumba nzuri.

Yeye hakuitaka njia hiyo. Alipenda elimu ya mila na desturi za watu, na alitaka kwenda mbali. Mwaka 1927 alifika Kongo ya Wabeleji kwa kazi ya uchunguzi iliyohusiana na Harvard. Wakati ule pori la Ituri lilikuwa na sifa mbaya huko Ulaya. Stanley alilivuka mwaka 1887 akimfuata Emin Pasha, watu wake wengi wakafa kwa njaa, magonjwa na mishale, na vitabu vyake vikawafanya wazungu waone pori letu kama kaburi la giza. Tena mwaka 1901 wataalamu wa Ulaya walimwandika okapi kwa mara ya kwanza kama mnyama mpya, hata kama Wambuti walikuwa wanamjua na kumla tangu zamani za mababu. Basi kwa kijana wa Marekani, pori hili lilikuwa na mambo mawili kwa pamoja: hofu na siri.

Wengine walikuja, wakapiga picha, wakarudi. Putnam hakurudi kama wao. Katika siku zake za kwanza huku, tembo alimjeruhi vibaya. Alilala muda mrefu, na aliyemhudumia ni mwanamke wa huku, jina lake Abanzima. Alipopona, Abanzima akawa bibi yake kwa desturi ya hapa. Kwa wazungu wa kipindi ile, mwanaume mzungu kukaa na mwanamke mwafrika kwa siri lilikuwa jambo la kawaida. Kumfanya bibi na kutojificha, hilo ndilo liliwakasirisha. Putnam hakujali sana.

Kutoka Penge mpaka Epulu

Lakini mapenzi ya pori hayalipi chakula. Na serikali ya Wabeleji haikupenda wazungu wanaozungukazunguka bila kazi. Putnam akaenda Ulaya, akapata masomo ya magonjwa ya inchi za joto mjini Brussels, kisha akarudi akiwa mfanyakazi wa afya wa Msalaba Mwekundu wa Ubelgiji. Alitumwa Penge, katikati ya pori la Ituri. Hakuwa munganga kamili, lakini alijua kupiga sindano, kufunga vidonda na kugawa dawa. Huko ndiko alizoea maisha ya kila siku ya watu wa pori: Wambuti wenyewe, na pia wanakijiji kama Wabila na Wandaka ambao wanalima ndizi na muhogo na kubadilishana na Wambuti kwa nyama na asali.

Mwaka 1933 akaamua kuwa na mahali pake mwenyewe. Alichagua ukingo wa mto Epulu, karibu na barabara inayotoka Irumu kwenda Stanleyville, mji ambao leo tunauita Kisangani. Ni barabara ileile tunayoiita leo RN4: kutoka Bunia unashuka Komanda, unapita Mambasa, unafika Epulu, halafu Nia-Nia, Bafwasende, mpaka Kisangani.

Uchaguzi huo haukuwa wa bahati tu. Wabeleji walikuwa wamefungua barabara katikati ya pori, na walilazimisha vijiji vingi vihame kutoka ndani ya pori vije kukaa kando ya barabara. Sababu mbili: watu wahesabike na kulipa kodi kwa urahisi, na mikono ya kutengeneza barabara ipatikane karibu. Wanakijiji walifyeka, walijaza mashimo, walijenga madaraja. Kwa jasho lao, motokari ya mtalii iliweza kufika mpaka mlango wa Putnam. Jambo hilo mara nyingi linasahauliwa kwenye hadithi ya mzungu huyu.

Namna kambi ilivyofanya kazi

Alijenga kwa udongo, miti na majani, kama watu wa hapa wanavyojenga, lakini kwa ukubwa mwingine. Kulikuwa na nyumba kubwa yenye baraza pana, vyumba vya wageni, jiko, na nyumba za wafanyakazi. Wazungu waliita mahali pale Kambi Putnam. Kando kulikuwa na dispanseri ambako watu wa vijiji na Wambuti walitibiwa, na mahali pa wagonjwa wa ukoma. Kulikuwa pia na wanyama wa pori waliofugwa ili wageni wawaone.

Ili msomaji aelewe vizuri biashara yenyewe, tuangalie ng'ambo kidogo. Kwenye milima ya Alpes, huko Ufaransa, Uswisi na Austria, kuna vijiji vinavyoishi kwa theluji. Kikundi cha marafiki au familia kubwa wanapangisha nyumba nzima ya mbao kwa wiki moja. Ndani kuna vitanda vya watu kumi au ishirini, moto wa kuni, mara nyingine mpishi na mtu wa kufagia wamo ndani ya bei. Asubuhi wanatoka kuteleza juu ya theluji, jioni wanarudi kula pamoja. Kwa ukweli, nyumba siyo kitu wanachonunua. Wananunua mlima, na nyumba inawaweka karibu na mlima. Theluji ikikosekana, hata nyumba nzuri namna gani inabaki tupu.

Epulu ilikuwa vilevile. Hakuna mtu angetoka New York au Brussels ili alale kwenye nyumba ya udongo. Walikuja juu ya pori, juu ya okapi, na zaidi sana juu ya Wambuti. Putnam alikuwa anawapa kitanda, chakula na habari. Alikuwa anajua lugha, hasa Kingwana, yaani Kiswahili chetu cha mashariki, na alikuwa anajua watu. Mgeni akitaka kwenda porini na wawindaji wa nyavu, njia ilipita kwake. Akitaka kuona ngoma, njia ilipita kwake. Akiugua njiani, dawa zilikuwa kwake pia.

Wataalamu nao walikuja. Putnam aliandika habari za Wambuti, na rafiki yake wa Harvard, Carleton Coon, aliziingiza mwaka 1948 katika kitabu cha masomo. Lakini hakuandika kile kitabu kikubwa ambacho watu walikingojea kutoka kwake. Miaka zaidi ya ishirini katikati ya watu ambao wachunguzi wengine walikuwa wanawatembelea kwa miezi michache, na karatasi alizoacha ni chache. Alijua mengi, akayaweka kichwani, na kichwa hakirithiwi.

Mabibi waliobeba nyumba

Ukisoma maisha ya Putnam bila kutazama wanawake, utaona mwanaume mmoja shujaa porini. Ukiwatazama, utaona hadithi nyingine. Abanzima ndiye aliyemtunza alipokuwa mtu wa kufa, na yeye na wanawake wengine wa hapa aliowachukua kwa desturi walibaki sehemu ya maisha ya kambi miaka mingi. Hao waliunganisha mzungu na vijiji. Bila wao angekuwa mgeni kama wageni wengine.

Bibi yake wa kwanza wa Kimarekani, Mary Linder, alikuwa naye wakati kambi inaanzishwa mwaka 1933. Alifariki mwaka 1937. Wa pili, Emilie Baca, alikaa kwa muda mfupi, na ndoa ile ikavunjika. Wakati wa vita vya pili vya dunia Putnam alifanya kazi kwa ajili ya serikali ya Marekani juu ya mpira wa Kongo, mali iliyohitajika sana kwa magurudumu ya magari na ndege. Wazee wetu wanakumbuka kipindi hicho kwa jina lingine, sababu wanainchi walirudishwa kwa nguvu porini kukata mpira, kama wakati wa Leopold.

Wa tatu alikuwa Anne Eisner, mchoraji kutoka New York, aliyezaliwa mwaka 1911. Walikutana Marekani mwaka 1945, wakafunga safari ya Kongo mwaka uliofuata, wakaoana mwaka 1948. Watu wa Epulu walimwita Madami, na jina hilo ndilo aliliweka juu ya kitabu chake kilichotoka mwaka 1954. Anne alikuja kama msanii, akajikuta mama wa nyumba ya wageni: chakula cha leo, mashuka ya kesho, mshahara wa wafanyakazi, mgonjwa aliyelala mlangoni, mtalii anayelalamika juu ya mende. Alisaidia kulea watoto wachanga wa Wambuti waliofiwa na mama zao, akishirikiana na wanawake wa Kimbuti, na hapo ndipo alijifunza kwamba kwao mtoto ana mama wengi. Alichora pia picha nyingi za Epulu, na akakusanya hadithi na nguo za magome ya miti zenye mapambo. Sehemu ya vitu hivyo iko leo katika makumbusho huko New York.

Bwana wa wote na wa peke yake

Sasa tuseme upande ambao hauko mtamu. Putnam alikuwa na uwezo usiokuwa na mtu wa kuupinga. Kwenye kambi yeye alikuwa munganga, mwenye kuajiri, mwamuzi wa magomvi, na mzungu chini ya sheria ya kikoloni. Mwanakijiji aliyepigwa na tembo au nyoka alikimbilia kwake. Aliyekosana naye, angekimbilia wapi? Wakati ule fimbo bado ilikuwa halali katika Kongo ya Wabeleji. Wengi walimpenda, hilo ni kweli, maana alitibu bila kubagua na alikaa na watu kama jirani. Lakini upendo wa mtu ambaye ana dawa, kazi na feza mkononi ni vigumu kuupima.

Kuna pia swali la Wambuti wenyewe. Mgeni alilipa mwenye nyumba, halafu akaenda kuangalia Wambuti. Wao walipata chumvi, tumbako, ndizi, nguo, dawa. Hawakupata sehemu ya nyumba, wala hakuna karatasi iliyosema chochote juu yao. Walikuwa ndio mlima wenyewe, lakini mlima haulipwi. Putnam hakubuni desturi hiyo, wala haikuisha na yeye. Mpaka miaka ya karibuni, mtalii akifika kwenye kambi ya Wambuti kuomba ngoma, mara nyingi aliyepokea feza ni mtu mwingine.

Na kambi yenyewe haikuwa tajiri. Wageni walikuja kwa msimu, barabara iliharibika kwa mvua, na dispanseri ilikula zaidi ya kile vyumba vilivyoingiza. Utajiri wa ukoo wake kule Marekani ndio ulimpa nafasi ya kuishi namna alivyotaka. Mtu wa Mambasa asingeweza kuanzisha kitu cha namna ile, hata kama alikuwa na akili kumi zaidi, sababu hakuna baba munganga wa New York nyuma yake, na mkoloni asingempa ile ardhi.

Mwisho wa uchungu

Mapafu ya Putnam yalianza kumwangusha. Ugonjwa ulimkata pumzi mpaka kutembea hatua chache ikawa shida, akawa anabebwa na watu. Watu waliomjua waliandika kwamba katika miezi ya mwisho alibadilika sana: hasira, ukali, shuku juu ya wote, hata juu ya wale waliokaa naye tangu zamani. Wafanyakazi waliondoka mmojammoja. Mtu aliyejenga jina lake kwa kutibu wengine akawa mtu wa kuogopwa. Hakukubali kuliacha pori lake aende kufia hospitali ya mbali. Alifariki Epulu mwezi wa Desemba 1953, akiwa na miaka 49.

Anne alibaki kidogo, akaondoka mwaka 1954, akarudi kwa muda miaka ya 1957 na 1958. Katika safari hiyo alikuwepo pia Mwingereza kijana, Colin Turnbull, ambaye alipitia Epulu mara ya kwanza mwaka 1951 akiwa mgeni wa Putnam. Turnbull alifanya kile ambacho mwenyeji wake hakufanya: aliingia porini na Wambuti wa Epulu, akaandika, na kitabu chake cha mwaka 1961 kikawafanya wajulikane duniani kote. Anne naye alifariki Marekani mwaka 1967.

Na kambi? Nyumba ya udongo na majani inahitaji mtu kila mwaka. Paa lisipobadilishwa, mvua inaingia. Mvua ikiingia, ukuta unashuka. Ukuta ukishuka, pori linachukua chake. Hapakuwa na mtoto wa Putnam aliyefundishwa kazi, hapakuwa na chama cha wanakijiji wenye haki juu ya mahali, hapakuwa na mkataba. Mpishi alijua kupika, kiongozi wa njia alijua njia, mwenye kusafisha vidonda alijua dawa. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na kitu kizima kilikuwa kwa mtu mmoja tu. Alipokufa, vipande vikatawanyika.

Epulu baada yake

Jina la Epulu halikufa, sababu ya okapi. Mwaka 1952, Putnam akiwa bado hai, Wabeleji waliweka pale kituo cha kukamata okapi ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama huko ng'ambo. Kazi hiyo ilikuwa chini ya Jean de Medina. Uhuru ulikuja mwaka 1960, na mwaka 1964 vita ya Simba ikapita kwenye barabara ileile. Mwaka 1987 mradi mpya wa kulinda okapi ulianza, mwaka 1992 ikaundwa hifadhi ya wanyama ya okapi yenye zaidi ya kilometa mraba elfu 13, mwaka 1996 UNESCO ikaiandika kama urithi wa dunia. Furaha haikudumu: mwaka 1997 ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na hata leo haijatoka.

Wakaaji wa Mambasa hawajasahau tarehe 24 Juni 2012. Siku ile waasi wa Mai-Mai Simba wa Morgan walivamia kituo cha Epulu. Waliua watu, waliiba, walichoma, na okapi wote 14 waliokuwa pale wakapotea. Tangu hapo barabara imeona mambo mengine: mashambulizi, Ebola, machimbo ya zahabu ndani ya hifadhi, na tangu Mei 2021 Ituri yetu iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi.

Kwa nini basi tumkumbuke mzungu mmoja na nyumba yake? Siyo kwa kumtukuza, wala kwa kumtukana. Siku barabara itakuwa salama, wageni watarudi. Pori bado lipo, okapi bado wapo, na Wambuti bado wapo. Watakuja pia watu wenye feza kuomba mahali pa kujenga kando ya mto. Maisha ya Putnam yanaonyesha maswali ya kuuliza siku hiyo, mapema, mbele ya tofali la kwanza kuwekwa: Ardhi iko kwa jina la nani? Wambuti wanapata nini, na kimeandikwa wapi? Nani wa hapa anajifunza kushika hesabu, siyo kushika ufagio tu? Na mwenye nyumba akifa au akikimbia vita, nani anabaki na funguo?

Kwenye Kambi Putnam, swali hilo la mwisho halikuwa na jibu. Ndiyo maana leo ukifika Epulu utaona mto, utaona daraja, utaona vijiji na pori, lakini ile nyumba iliyowaleta wageni kutoka mbali hutaiona.